Seva ya Mikindani Ilipojifunza Kujibu

Wanangu wa chumba cha mitambo, mmeniandama tangu siku ile mliponikatia keki. "Bi Mwanaisha, tuandikie. Bi Mwanaisha, usiondoke na mambo kichwani." Haya, naandika. Vyeo sitavitaja. Mshahara nao mlikuwa mkiusoma usoni mwangu kila mwisho wa mwezi, hauna haja ya maelezo. Nitaandika juu ya seva mbili, amri moja iliyokuwa ikitukatalia, na mwenzetu Saumu wa lango la kutokea, ambaye nusura tumpoteze kwa sababu ya amri hiyo. Wengi wenu mlikuja baadaye mkamkuta langoni, mkadhani amekuwapo siku zote. Alitoka. Ni vizuri mjue alirudi vipi.

Nilianza kazi katika yadi hii ya makontena ya Changamwe nikiwa na cheti cha kompyuta na viatu vipya vinavyobana. Nilivuka feri kutoka Likoni asubuhi, nimejifukiza udi, nadhani nikifika nitaonyeshwa ofisi. Nilionyeshwa ndoo. Kiyoyozi cha chumba cha seva kilikuwa kikidondosha maji, na mgeni wa karibuni kabisa ndiye aliyekuwa mwenye dhamana ya ndoo.

Aliyenikabidhi ndoo hiyo ni Mzee Athumani, mkuu wa chumba, mtu mfupi, mkavu, mwenye kofia ya kushona kwa mkono na miwani iliyofungwa uzi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza nyumbani hawajambo, nimevukaje, na jua la Likoni likoje, kana kwamba Likoni ina jua lake peke yake. Alipomaliza salamu zote ndipo akasema, "Hii ndoo usiimwage mpaka uje uniambie imefikia wapi." Nilidhani ananitania. Nikaimwaga. Wallahi nilisemwa mpaka adhuhuri.

Mzee Athumani alikuwa ameanza maisha yake ya kazi nje, juani, akiwa karani wa kuhesabu makontena. Huko makarani walikuwa na desturi yao. Anayetoka zamu haondoki kwa kusema "haya, kwaheri." Husimama mbele ya anayeingia, akasema kwa sauti kontena la mwisho alilopokea, na safu alikoliweka. Anayeingia naye hurudia yote, kwa sauti vilevile. Akikosea neno moja wanaanza upya. Wakishapatana ndipo wa kwanza anakwenda zake kunywa chai. Mzee alipohamishiwa kwenye kompyuta alikuja na desturi hiyo mzimamzima, na hakuna kijana wa digrii aliyeweza kumtoa.

Sasa nieleze kidogo seva zenyewe, maana najua mume wangu ataisoma karatasi hii, na ataniuliza usiku kucha. Seva kuu ilikuwa hapa Changamwe. Kila linalotokea yadini, kontena limeingia, limehamishwa, limeruhusiwa kutoka, seva hii huliandika kwanza kwenye logi yake, yaani daftari lake la matukio, jambo moja nyuma ya jingine, ndipo ikalifanyia kazi. Seva ya akiba ilikuwa kwenye ofisi yetu ndogo ya Mikindani, juu ya duka la vipuri vya magari. Kazi yake ni kupokea logi ya Changamwe na kuifuata hatua kwa hatua, ili siku Changamwe ikianguka, Mikindani ishike usukani.

Ndani ya logi kila mahali pana nambari yake, nayo tunaiita nafasi. Na kwa kuwa logi ni ndefu, hukatwakatwa ikawa mafaili, kila faili na jina lake refu la tarakimu. Ipo amri ya kuuliza: nafasi hii imo faili gani? Ukiuliza Changamwe, unajibiwa papo hapo. Ukiuliza Mikindani swali lilelile, unaambiwa: haiwezekani, urejeshaji unaendelea. Yaani mie bado naifuata logi ya mwenzangu, msinisumbue.

Mzee Athumani hakuipenda hata kidogo. "Mtu umemuuliza kwa heshima umefika wapi," alisema, "anakujibu ana kazi. Malezi gani hayo?"

Lakini makabidhiano lazima yafanyike. Basi kila asubuhi na kila jioni aliyeko Mikindani alipiga simu Changamwe. Akisoma nafasi yake, wa Changamwe anarudia. Kisha wa Mikindani anasema, "Sasa niulizie kwako, hiyo nafasi yangu imo faili gani?" Wa Changamwe anaiuliza seva kuu, anasoma jina, wa Mikindani anarudia. Seva nzima yenye feni nne inakwenda kuuliza nyumba ya jirani ili ijue yenyewe iko wapi. Tulicheka, tukazoea. Mtu huzoea mengi kazini maadamu chai ipo.

Siku moja tu Mzee aliweka simu chini akasema, "Na Changamwe akilala, huyu wa Mikindani atamuuliza nani?" Hakuna aliyemjibu, kwa sababu mbaazi zilikuwa zimeletwa. Akastaafu, akarudi kwake Likoni, na swali akatuachia.

Mahali pake nikakaa mie, na mahali pangu akaja Mutua, kijana wa Machakos aliyesomea Nairobi. Kwenye kompyuta alikuwa mzuri sana. Kiswahili chake ndicho kilichonipa kazi. "Madam, hii maneno ya simu kila jioni ni ya nini na tuko na skrini?" Nikamwambia, "Haya maneno, Mutua. Na ni ya kukufanya utie akilini unachokiona." Alinung'unika, lakini akafanya. Leo anaitika "labeka" vizuri kuliko wanangu wa kuwazaa.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Nilikuwa likizo, nimekwenda Msambweni kwenye harusi ya mtoto wa ndugu yangu, mikono yote miwili imepakwa hina. Mutua alikuwa Mikindani. Huku Changamwe, kiyoyozi, ambacho miaka yote kilidondosha maji ndani ya ndoo, siku hiyo kiliamua kudondosha kando ya ndoo. Seva kuu ikazima. Walioko chumbani wanasema walisikia mlio mdogo, kisha harufu ya plastiki.

Mutua alifanya alivyofundishwa. Aliiuliza seva ya Mikindani imefika wapi. Ikampa nafasi. Akaiuliza nafasi hiyo imo faili gani. Ikamwambia urejeshaji unaendelea. Akanyanyua simu apige Changamwe, akakumbuka Changamwe ndiyo iliyokufa. Na nje, malori yalikuwa yamepangana kutoka langoni kwetu mpaka njia ya Magongo, madereva wanapiga honi, na meneja wetu, Bwana Kazungu, anasema kwenye simu, "Mutua, washa hiyo yako, mwanangu, washa." Akaipandisha cheo. Mikindani ikawa seva kuu, kazi ikaendelea, na Mutua akasifiwa na kila mtu. Hata mie ningemsifu.

Alasiri makarani walipozunguka yadini hawakuliona kontena moja la vigae. Kwenye mfumo limo, limekaa safu yake, halijaruhusiwa. Kwenye safu hakuna kitu. Picha za kamera zikaonyesha lori likitoka nalo asubuhi, muda mfupi kabla ya seva kuzima, na Saumu ndiye aliyefungua lango.

Saumu ni mtu wa Mtongwe. Mumewe alifariki akamwachia watoto wawili na mashine ya kushonea. Kazi ya langoni aliipata kwa sababu ya sauti yake, maana akiita dereva huku, yule wa mwisho kwenye foleni anasikia. Alikuwa hajawahi kukosea hata kontena moja. Akaitwa ofisini, akaeleza: ruhusa aliiona kwenye skrini kwa macho yake, imeandikwa kijani, ndipo akafungua. Wakala wa forodha akasema vilevile, lakini mwenye kutolewa mzigo akiwa shahidi, nani atamsikiliza?

Bwana Kazungu akamwambia Mutua achunguze kama kuna kilichopotea seva zilipobadilishana. Mutua akachukua nafasi ya mwisho ya Changamwe iliyobaki kwenye skrini kabla haijazima, akaiuliza seva kuu mpya, yaani Mikindani, nafasi hiyo imo faili gani. Sasa imekuwa kubwa, inajibu bila tatizo. Ikampa jina. Akachukua nakala ya hifadhidata ya wiki iliyopita, akaipitisha juu ya logi yote mpaka faili hilo, akatafuta. Ruhusa ya vigae haimo. Akaandika alichokiona, kwa uaminifu kabisa. Na kwa karatasi hiyo Saumu akaambiwa akae nyumbani, kesi inaendelea. Alitolewa kwa lango lake mwenyewe, mchana, kwa miguu, mbele ya madereva aliokuwa akiwaamrisha.

Niliporudi kutoka harusini sikwenda kazini kwanza. Nilikwenda Mtongwe. Nilimkuta ameketi mbele ya mashine ya kushonea, nguo iko chini ya sindano, na mguu haukanyagi.

"Shikamoo, Bi Mwanaisha."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillahi." Kisha akasema, "Majirani wananisalimia salamu ndefu. Zamani walikuwa wakipita tu, 'Saumu hujambo,' wamekwenda. Sasa wanasimama. Wananiuliza mpaka hali ya kuku."

Nikamuuliza anataka nimfanyie nini.

"Mie sitaki kuonewa huruma. Nataka waniambie ile ruhusa niliyoiona imekwenda wapi. Niliiona. Kama sikuiona, basi mie ni mwizi au ni mwendawazimu, na watoto wangu wachague lipi wataambiwa shuleni."

Nilivuka feri nikiwa nimekasirika hata muuza korosho aliniacha nipite.

Chumbani nilimkuta Mutua hana raha. Nikamwambia, "Kaa hapo, nikabidhi. Kama Mzee alivyotufundisha, kwa sauti." Akasema, "Lakini madam, ripoti iko kwa karatasi." Nikamwambia karatasi nimeiona, nataka kusikia. Akasoma nafasi. Nikairudia. Akasoma jina la faili, polepole, tarakimu moja moja: sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, mbili...

"Rudia hapo."

"Sifuri, mbili."

"Changamwe ilipokufa, majina yalikuwa yakianza na ngapi?"

"Moja," akasema.

Nitawaeleza kama nilivyomweleza mume wangu, naye alielewa, kwa hiyo hakuna atakayeshindwa. Tarakimu za mwanzo za jina la faili ni nambari ya tawi. Changamwe ilikuwa ikiandika tawi la kwanza. Mikindani ilipopandishwa cheo ilianza kuandika logi yake yenyewe, kuanzia pale ilipokuwa imefika, na hilo likawa tawi la pili. Kwa hiyo kama Mikindani ilikuwa nyuma kidogo wakati wa kushika usukani, nafasi za mwisho za Changamwe zipo mara mbili: katika tawi la kwanza kwa mambo yaliyotokea Changamwe, na katika tawi la pili kwa mambo mengine kabisa. Nambari ileile, mafaili mawili, habari mbili. Sisi tuliiuliza Mikindani habari za Changamwe, nayo ikatupa habari zake. Haikusema uongo. Sisi ndio tuliobisha mlango usio wake, na tulifanya hivyo kwa sababu tulikuwa tumezoea kuwa seva kuu ndiyo inayojua majina ya wote.

Seva ya zamani ilikuwa kwenye stoo, juu ya matairi. Bodi yake iliungua, lakini diski zilikuwa nzima. Tukazitoa, tukazipachika kwenye mashine nyingine, na kweli faili la mwisho la tawi la kwanza lilikuwamo, halijawahi kufika Mikindani lote. Tukaichukua tena ile nakala ya wiki iliyopita, tukaiamuru ifuate tawi la kwanza mpaka mwisho wake, isigeuke njiani. Mutua hakuketi. Alisimama nyuma ya kiti changu akivunja vidole, na mie nasoma Ayatul Kursi moyoni.

Ruhusa ilikuwamo. Kontena la vigae, limeruhusiwa, kabla ya lango kufunguliwa. Jambo la karibu na mwisho kabisa ambalo seva ile iliandika katika maisha yake.

Mutua aliweka kichwa mezani. "Madam, nimemharibia mama wa watu jina," alisema. Nikamwambia jina la Saumu litatengenezwa, na yeye atasaidia kulitengeneza, lakini kwanza anyanyue kichwa maana amelalia kibodi na anaandika herufi moja mstari mzima.

Bwana Kazungu ni muungwana. Alivua miwani, akaifuta, akampigia Saumu simu mbele yetu, akamwomba radhi, akamwambia arudi kesho. Tukasikia sauti ile ya langoni ikitoka kwenye simu ndogo, na chumba kizima kikaisikia.

"Nashukuru, Bwana Kazungu. Lakini nina mawili. La kwanza, nilitolewa mbele ya madereva. Nitasafishwa mbele ya madereva."

"Hilo ni haki yako," akasema.

"La pili. Mie sifungui tena lango kwa seva isiyoweza kusema imefika wapi. Siku Changamwe ikifa tena, na itakufa, nataka nimwone Mikindani mwenyewe anasema: ruhusa yako ninayo, au sinayo. Kabla hamjampandisha cheo. Nimekwisha kuonja kuitwa mwizi, sirudii. Na kuna mtu Ukunda ananipa kazi ya mapokezi kwenye nyumba za wageni. Anataka jibu mwisho wa mwezi."

Bwana Kazungu alinitazama. La kwanza alilitimiza kesho yake, akasimama kwenye ngazi ya lori na kipaza sauti, akasema yote, na madereva wakapiga honi mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia. Saumu alikuja, akasikia, akashukuru, akarudi Mtongwe. La pili likaniangukia mie. Siku hizo Changamwe ilipewa mashine mpya, ikarudishiwa usukani kwa tawi la tatu, na Mikindani ikarudi kuwa akiba.

Hifadhidata tunayotumia ni ile inayoandikwa na watu wa kujitolea duniani kote, na maandishi yake ya ndani yako wazi kwa kila mtu. Nikayafungua. Nilidhani nitakuta uvivu wa mtu. Nilikuta mlango uliofungwa kwa makusudi: kama uko kwenye seva ya akiba, kataa. Na sababu yake ilikuwa ni ileile iliyotuangusha. Jina la faili linahitaji nambari ya tawi, na seva ya akiba inafuata matawi ya mwenzake, haina tawi lake, kwa hiyo aliyeandika aliona heri ikatae kuliko itaje tawi lisilo sahihi. Kumbe haikuwa kiburi, ilikuwa hadhari. Miaka yote tulikuwa tukiisengenya bure.

Lakini hadhari nayo ina mwisho wake. Seva ya akiba inajua, wakati wowote ule, ni tawi gani inalisoma sasa hivi. Lazima ijue, la sivyo ingelifuataje? Basi badala ya kukataa, ijibu kwa tawi hilo. Mutua na mie tukaandika mabadiliko hayo, mistari michache tu, tukajaribu, Mikindani ikajibu ikiwa akiba, kwa mara ya kwanza tangu niijue. Mutua akanunua sambusa. Mie nikayatuma mabadiliko kwa wale watu wa kujitolea, nikangoja pongezi.

Nilipata pingamizi. Mmoja wao, mtu wa nchi ya baridi mwenye jina lisilo na irabu za kutosha, aliandika hivi kwa adabu: ukisoma nafasi sasa, kisha ukauliza tawi nukta chache baadaye, hapo katikati tawi linaweza kuwa limebadilika. Utabandika nafasi ya tawi moja kwenye jina la tawi jingine, na utataja faili ambalo halijawahi kuwapo.

Nilighadhibika. Nikampitia Mzee Athumani nyumbani kwake Likoni nitoe nyongo. Nilimkuta anatengeneza bawaba ya mlango wa choo. Nikaanza kumshitakia, huyu mtu hajui feri wala Changamwe, hajui mwisho wa mwezi unakuja. Mzee hakugeuka.

"Alilosema ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi unagombana na nani?" Akanyoosha mkono nimpe bisibisi. "Wewe unataka usifiwe, au unataka yule mwanamke arudi langoni?"

Nikampa bisibisi. Chai nilikunywa, lakini sikukaa.

Tukaandika upya. Safari hii nafasi, tawi na jina la faili vilisomwa kwa pamoja, katika pumzi moja, bila kupenyeza kitu katikati, na seva ikalitaja tawi wazi ili anayesoma asikisie. Na mtu akiuliza nafasi ya zamani, kabla ya tawi kugawanyika, seva ikaangalia historia ya matawi yake kwanza, ndipo ikataja faili. Yule mtu wa baridi akajibu kuwa hii ni afadhali. Kwa watu wale, afadhali ni sherehe. Wengine walikuwa na maoni yao, na mjadala huko bado unaendelea mpaka leo, nami bado nawajibu nikiwa kitandani kwangu, jambo ambalo mume wangu ana maoni yake pia. Lakini kwa yadi yetu tuliyaweka mabadiliko hayo kama nyongeza yetu wenyewe, na Mutua akayaunganisha na skrini ya langoni. Kila ruhusa ikawa na alama mbili: ya kwanza Changamwe imeiandika, ya pili Mikindani imeifikia, kwa kauli ya Mikindani mwenyewe.

Ilibaki kumwonyesha Saumu. Nikamwambia Bwana Kazungu jaribio la mezani halitamridhisha, na mie pia halitaniridhisha. Inabidi Changamwe ife, siku ya kazi, malori yapo. Alishika kichwa. Kisha akasema, kama Changamwe ni wa kufa, na afe mikononi mwake, akaja mwenyewe chumbani. Mutua alikuwa Mikindani, simu iko wazi. Mie nilikuwa langoni na Saumu, aliyekuja na buibui lake na mkoba, kama mtu aliyepita tu kusalimia. Mwisho wa mwezi ulikuwa umefika.

Malori matatu yalikuwa mbele. Bwana Kazungu hakuzima seva kwa utaratibu, aling'oa waya. Alituambia baadaye kuwa alifumba macho.

Skrini ya langoni ilizima mara moja, ikarudi ikisoma kutoka Mikindani. Lori la kwanza lilikuwa na alama zote mbili. Saumu akasoma kwa sauti nafasi, tawi la tatu, na jina la faili. Mutua akarudia kwenye simu. Saumu akafungua, lori likapita.

Lori la pili lilikuwa na alama moja, ile ya Changamwe iliyobaki kwenye kumbukumbu ya skrini. Changamwe ilikuwa imeliruhusu, dereva mwenyewe aliiona ile kijani, na Mikindani inasema hapana, nimeishia nyuma ya hapo. Hili ndilo lilikuwa kontena la vigae, limerudi kwa sura nyingine, na safari hii tuliliona.

"Mama, si umeona mwenyewe nimeruhusiwa," dereva akasema. "Fungua."

"Nimeona, baba. Lakini yako haijafika Mikindani, na nikikufungulia sasa, jioni wewe na mie ni wezi. Zima injini upumzike kidogo."

Saumu akanitazama, nikamkubalia kwa kichwa, naye akamwambia Mutua kwenye simu aipandishe Mikindani cheo. Mikindani ikawa seva kuu, tawi la nne. Wakala akaingiza ruhusa upya, mara hii mahali ambapo ingebaki. Alama ikatokea. Saumu akaisoma yote kwa sauti, na sauti ile ilifika Magongo. Nililia, na sioni haya kusema.

Hapo simu iliyokuwa ndani ya mkoba wake ikaanza kulia. Aliangalia jina, ni yule wa Ukunda. Mkono mmoja ulikuwa kwenye kitufe cha lango, na lori la tatu lilikuwa limekwisha kusogea. Akanipa simu bila kunitazama.

"Nipokelee, Bi Mwanaisha. Mwambie nashukuru sana, lakini siwezi kuzungumza, niko kazini."